Injini ikizima angani, ndege ndogo haidondoki kama jiwe

Je, injini ikizima ndege huanguka? Hapana, inateleza hewani. Kinachoibeba ni hewa inayopita kwenye mabawa, si injini, kwa hiyo rubani anashusha pua kidogo na kugeuza kimo kuwa mwendo. Kitabu cha Cessna 172N, ndege ndogo ya injini moja, kinataja mwendo wa noti 65, kama kilomita 120 kwa saa, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zikiwa juu. Bila upepo, kila futi 1,000 za kimo humpeleka mbele takriban kilomita 2.8. Akiinua pua ili afike mbali zaidi anapata kinyume chake: mwendo unaisha, inashuka kwa kasi, na mwishowe mabawa yanaacha kubeba.

Mwendo ukitulia achague pa kutua, ndipo ahangaike na injini: kwanza awashe joto la kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na mafuta (injini ikishapoa hakuna joto la kuyeyusha barafu, na barafu hiyo huganda hata kwenye nyuzi 20 hewa ikiwa na unyevu), mafuta yafunguliwe kutoka matangi yote mawili, magneto (vifaa vinavyotoa cheche za injini) zote ziwe zimewashwa.

Ikigoma kabisa, kabla ya kugusa ardhi anafunga mafuta, anazima magneto na kufungua kitasa cha mlango usije ukapinda ukakwama. Swichi kuu ya umeme ni ya mwisho, maana flapu za 172 zinatumia umeme.

Ila ikizima mara tu baada ya kuruka, hesabu hiyo haina nafasi. Atue mbele yake. Wengi huanguka wakijaribu kugeuka kurudi kiwanjani wakiwa chini mno.