Bili ya umeme haishuki na boila tunayo

Kaka, umesema kiwanda chenu cha sukari kina boila ya kutengeneza mvuke na tabaini (mashine inayozungushwa na mvuke huo kuzalisha umeme) lakini bili ya umeme wa gridi bado inawaumiza. Mimi ningeanza na ile valvu ya kupunguza presha ya mvuke, kama iko wazi muda wote basi mvuke unaenda kuchemsha juisi bila kupita kwenye tabaini na hapo ndo hela inapotea, valvu ifunguke tu pale tabaini ikizidiwa. Halafu makapi ya miwa mnayochoma kwenye boila, yakitoka kinuni huwa na maji karibu nusu ya uzito, shika kiganjani ukamue, yakilowesha mkono ujue rola za kukamulia miwa zinataka matengenezo. Yafunikeni yasinyeshewe mvua jamani! Maji ya kondensa, yaani mvuke uliopoa ukawa maji, yarudi boila yakiwa moto, ila pimeni kwanza kama yana sukari. Kuni za boila msinunue kabla ya hapo, nakuomba.