Mnaoenda kusoma Chandigarh: mji una watu, ingieni ndani ya sekta

Jana usiku nimesikiliza vois noti ya dakika sita ya kijana wetu wa Isevya hapa Tabora aliyeripoti chuo Chandigarh, India, mwezi wa nane, sauti imejaa machozi, anasema kaka huu mji hauna watu, kila kona inafanana, nimetembea mpaka miguu imevimba naona ukuta na miti tu. Nikakaa kimya. Maana mwaka juzi binti wa Cheyo alisema maneno hayohayo, na kabla yake niliyasema mimi, na wote tuliishia palepale, Wabongo saba kwenye chumba kimoja, ugali na muziki wa nyumbani, miaka inakatika unarudi Tabora hujui hata jina la mama aliyekuwa anakuuzia maziwa. Wadogo zangu nawapenda ila hili limenichosha, kwa hiyo leo nimetoa kiti nje chini ya mwembe naandika.

1. Sekta ielewe kwanza. Lahore ilipobaki Pakistani mwaka 1947, jimbo la Punjab upande wa India likakosa makao makuu, ndio ukajengwa mji mpya kabisa, na msanifu majengo Le Corbusier alishika ramani yake kuanzia 1951, mji ukakatwa vipande vyenye namba, ndio hizo sekta. Kila sekta ina kama mita 800 kwa 1200, na maisha yote yamewekwa ndani, soko, shule, zahanati, bustani, halafu nyumba zimeipa mgongo barabara kubwa. Sasa wewe unatoka hosteli unaifuata barabara kubwa kwa sababu ndivyo tulivyozoea, ukiizunguka sekta moja umetembea kilomita 4 na salamu hata moja hujapata. Hapa kwetu ukitoka Kanyenye mpaka stesheni umeshaulizwa habari za nyumbani mara kumi, kwa sababu baraza zetu zinatazama njia. Kule baraza iko katikati! Ingia kwa barabara ya soko inayokatiza sekta, kisha shika njia ya miguu inayopita kwenye bustani, saa kumi na moja jioni wazee wakiwa wanatembea na watoto wanacheza kriketi. Simama uangalie kriketi. Dakika kumi haziishi wameshakuuliza unatoka nchi gani.

2. Andika anwani yote. Hapa naomba mnivumilie maana hii sijawahi kuisema.

Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na kijana wa Kipunjabi tuliyekuwa tunakaa benchi moja, mpole, ananipa noti zake bila kuombwa. Akanialika kwao usiku wa sikukuu yao ya Lohri, 13 Januari, wanawasha moto nje, wanaimba, wanatupia karanga na ufuta motoni. Akanitajia anwani kwenye korido watu wanapiga kelele, mimi nikaandika mkononi kwa kalamu namba ya nyumba na herufi B, sekta nikasema nitaikumbuka. Nikabeba asali, chupa ya maji ya nusu lita niliyokuwa nimejaziwa na mama hapa Tabora, ile nyeusi ya msituni, nikaifunga vizuri kwenye gazeti.

Nikaingia Sekta 22. Ukungu wa Januari kule ni mzito, taa ya barabarani unaiona kama mshumaa uliozama kwenye maziwa. Namba ile nikaipata, nikagonga, akatoka baba mmoja akatikisa kichwa. Nikajaribu upande mwingine. Na kila uwanja una moto, kila moto naona ndio wenyewe, nasogea, nyuso zinageuka, simo ndani yake. Kwenye moto wa tatu au wa nne mzee mmoja wa kilemba akanijazia kiganja karanga na sukari guru, akaniuliza kwa upole, sekta ngapi mwanangu? Nikashindwa kujibu. Namba moja ya nyumba inajirudia sekta hii na ile, na A, B, C, D, yaani vipande vya ndani ya sekta, ziko kila sekta, kwa hiyo nilichokuwa nacho mkononi hakikuwa anwani kabisa. Simu imezima chaji. Nikageuka nikarudi hosteli.

Kosa lenyewe linaanzia hapo, wala sio kupotea. Kesho yake alinifuata ana wasiwasi na mimi nikamwambia nilikuwa naumwa tumbo. Kwa nini? Kwa sababu niliona aibu mtu wa chuo kikuu kushindwa kusoma namba. Wiki moja baadaye mwenzetu mwingine akaniambia, bila kujua, kwamba familia ile walikaa Sekta 23, yaani pua na mdomo na pale nilipokuwa, kwamba jamaa alitoka mara mbili kwenda kunisubiri kwenye kipilefti kwenye ukungu ule, na mama yake alikataa kufunika chakula mpaka saa tano, anasema mtoto wa watu yuko mbali na mama yake. Nilipaswa kwenda siku ileile. Sikwenda. Nikawa nachelewa darasani makusudi ili nikae benchi la nyuma, naye akaacha kunisubiri, alipomaliza akaenda Kanada. Asali iliganda kwa baridi ikawa nyeupe kama samli, nikawa naiona kila siku pale dirishani.

Kwa hiyo mtu akikualika, muandikishe yeye mwenyewe kwenye simu yako: namba, sekta, herufi. Na ukishindwa kufika sema ukweli usiku uleule.

3. Namba za sekta hazipangwi kama unavyodhani. Ukitoka 17 kwenda kusini unaingia 22, ukitoka 16 unaingia 23, ukitoka 15 unaingia 24. Zinakwenda kulia, mstari unaofuata zinarudi kushoto, kama ng'ombe anayelima.

4. Jisajili FRRO, ofisi ya India ya kuandikisha wageni, ndani ya siku 14 tangu ufike, usisubiri seniori akukumbushe.

5. Unga wa mahindi upo, ulizia makki ka atta, ni wa njano na ugali wake unakubali. Sasa usiupikie Wabongo tu. Mimi mwaka wa pili nilimpikia mlinzi wa hosteli yetu, akaumega kwa vidole, akatafuna polepole, akasema mama yake kijijini anakula unga huuhuu na mboga ya haradali, na tangu siku hiyo nilikuwa na baba Chandigarh. Maneno nayo mnayo tayari, kitabu ni kitab, duka ni dukan, dunia ni duniya, anzeni na hayo.

6. Gurudwara, yaani hekalu la Masingasinga, chakula ni bure kwa kila mtu, vua viatu, funika kichwa, chapati pokea kwa mikono miwili, ukimaliza nenda kaoshe vyombo na wenzako. Marafiki niliowapata kwenye yale masinki ni wengi kuliko wa darasani.

7. Jumapili jioni nenda Sekta 17 au Ziwa Sukhna, hakuna magari kwenye ile njia ya ziwani, watu wanatembea taratibu na wanaongeka. Na Rock Garden, bustani ya sanamu, nenda na mtu. Ni kazi ya Nek Chand, mkaguzi wa barabara, alikusanya vigae na bangili zilizovunjika, zikiwemo takataka za vijiji vilivyobomolewa kupisha mji, akajenga kwa siri miaka mingi mpaka ikafunguliwa 1976. Ukipita ile milango mifupi lazima uiname, unamshika mwenzako mkono, mazungumzo yanakuja yenyewe.

Kijana wa Isevya, najua unasoma hii. Jumamosi saa kumi na moja ingia bustani ya sekta yenu, na ile chupa ya asali niliyokufungia mwezi wa nane usiifungue chumbani.