Mnaotaka kufungua makumbusho ya mtaa, anzeni na daftari

Juzi kijana mmoja wa Siyu, kisiwani Pate, ameniandikia. Yeye na wenzake wameunda kikundi, wana mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na nia yao ni kufungua makumbusho madogo ya mji wao. Swali lake lilikuwa moja tu: mfadhili watampata wapi? Tangu kikundi chetu kiweke maonyesho ya vyombo vya nyumbani hapa Amu, yaani Lamu, ujumbe wa namna hii unanijia mara kwa mara, na jibu langu ni lile lile. Leo naliandika kwa urefu.

Mfadhili mwacheni kwanza. Tafuteni daftari.

Najua mtu atasema, mwenzetu anasema hivyo kwa kuwa yuko Amu. Ni kweli, hapa tumejaaliwa. Mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Tuna makumbusho pale ufukweni, tuna Nyumba ya Kiswahili, tuna Posta ya Wajerumani, tuna ngome ambayo ilikuwa jela kuanzia 1910 hadi 1984 na leo watoto wanaingia humo kusoma vitabu. Yote hayo ni ya kujivunia. Lakini majengo hayo hayakutusaidia hata kidogo tulipoanza kupita mlango hadi mlango kuomba vitu vya watu, maana waliotutangulia walikuwa wamekwisha kutuharibia.

Miaka ya nyuma walikuja watu na mradi wao. Sitawataja. Walikuwa na kamera, walikuwa na barua zenye mihuri, na wakakaribishwa kama tunavyokaribisha wageni, kwa kahawa na halua. Wakapiga picha, wakarekodi nyimbo za harusi, na katika nyumba moja ya mtaa wa Mkomani wakaazima kasha la njumu, sanduku lililopambwa kwa madini, pamoja na kurasa za utenzi ulioandikwa kwa mkono. Wakasema watarudisha baada ya maonyesho. Hadi leo havijarudi. Hakuna karatasi, hakuna saini, hakuna hata jina la aliyepokea.

Basi sisi, wenyeji, watoto wa mji huu, tukabeba mzigo wa watu wale. Bibi mwenye nyumba ile hakunifungulia. Alisema nami kutoka nyuma ya mlango: "Kasha la mama yangu liko wapi?" Nikamwambia, bibi, si sisi. Akaniuliza tena swali lile lile. Nilirudi nyumbani nikilia, na hata ninapoandika haya kifua kinanibana. Mtu anayekuja, akachukua na kuondoka hajui alichokivunja. Hakuvunja kasha, amevunja imani ya mtaa mzima, na wanaobaki kuijenga upya ni watoto wa mtaa, bila mshahara.

Tuliijenga kwa daftari. Daftari la kawaida la jalada gumu, la dukani. Kila kitu kina mstari wake: ni kitu gani, cha nani, yeye alikipata kwa nani, kina alama gani, kimetoka nyumbani lini, kitarudi lini. Mwenye kitu anatia saini, anayepokea anatia saini, na nakala inabaki nyumbani kwa mwenyewe. Halafu tunampiga picha yeye akiwa amekishika. Tunapiga pale pale barazani, kabla kitu hakijatoka.

Jambo moja lilitufungulia milango kuliko yote. Bibi zetu wengi hawasomi herufi za Kizungu, lakini Kiswahili cha herufi za Kiarabu wanakisoma vizuri sana. Mmoja wetu aliyesoma chuo cha Kurani akawa anaandika kila stakabadhi mara mbili, kwa herufi hizi na zile. Bibi mmoja wa mtaa wa Langoni alitupatia mrashi wa fedha, chombo cha kunyunyizia marashi, shingo imepinda kidogo na kifuniko kimefungwa kwa uzi mwekundu. Tulipompa karatasi alifuata mistari kwa kidole, polepole, mpaka mwisho, kisha akaturudishia. "Si wangu," akasema. "Ni wa mama. Mwandikeni mama." Tukaandika upya. Siku ya maonyesho alikuja na wajukuu, akawasomesha jina la mama yake pale mezani kwa sauti, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakapiga vigelegele. Wiki iliyofuata hatukuwa na pa kuweka vitu, kwa wingi wa waliokuja kuleta.

Na ninasema kwa fahari: maonyesho yalipokwisha, kila kitu kilirudi kwao. Vyetezo vya ubani, madele ya kahawa, kawa za kufunikia chakula, mbuzi za kukunia nazi, vyote.

Kwa hiyo ndugu zangu, andikeni. Kabla ya kuomba chumba, andikeni. Kabla ya kuchapisha fulana za kikundi, andikeni. Kitu kisicho na jina la mwenyewe na hadithi yake ni chombo cha zamani tu, hata kiwe cha dhahabu. Siwa za Pate na Lamu, zile pembe kubwa za kupulizwa, zinaheshimiwa kwa sababu tunajua zilipulizwa wapi na kwa ajili ya nani. Zingekuwa hazina habari hiyo zingebaki pembe ya ndovu na shaba.

Kuhusu utunzaji, wengi mnaniuliza, na ni mambo ya kawaida. Msisugue shaba ya kale kwa ndimu na majivu. Nakshi zinalika na rangi ya umri inaondoka. Msitie selotepu kwenye karatasi za zamani. Muziweke mbali na jua na unyevu, na mkague mchwa kila mara.

Milango ndiyo inayonitia hofu. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaulinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1946, na huwezi kuuondoa ukaupeleka utakako bila kibali. Wapo wanaopita kwa wajane na fedha mkononi, wakitaka kununua milango. Kikundi chenu kikijua mlango gani uko nyumba gani, na picha yake imo daftarini, mfanyabiashara huyo atafikiri mara mbili. Msingoje serikali ndiyo iwahesabie milango yenu.

Na siku itafika mtu wa Nairobi au ng'ambo awaombe kitu cha kuazima kwa maonyesho makubwa. Mtafurahi, na ni haki yenu. Mwambieni atie saini kwanza, mbele ya mwenyewe, na aandike tarehe ya kurudisha. Akisema taasisi yake haina utaratibu huo, mpeni picha, kitu chenyewe kibaki nyumbani.