Kope Iliyoshuka na Mboni Iliyotanuka

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 54 na anatumia dawa za shinikizo la damu. Juzi kope ya jicho lake la kulia ilishuka ghafla, nyuma ya jicho kukawa na maumivu makali, na akiiinua kope kwa kidole huona vitu viwili viwili. Mtaalamu wa macho amekuta mboni imetanuka, akatuandikia rufaa akihofia mshipa wa damu uliovimba kichwani. Ndugu wanasema tusubiri, kwa kuwa jicho lenyewe linaona. Jicho na mshipa wa kichwani vinahusianaje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Nakusihi msisubiri, mpelekeni hospitali ya rufaa leo hii. Kati ya misuli sita inayolizungusha jicho, minne, pamoja na ule unaoinua kope na ule unaofinya mboni, hupokea amri kupitia neva ya tatu ya kichwa, ambayo hutoka kwenye shina la ubongo na kupita jirani kabisa na ateri inayounganisha mishipa ya mbele na ya nyuma ya ubongo. Ukuta wa ateri hiyo ukidhoofika hufura kama puto na kuikandamiza neva. Neva ya kuona ni nyingine, ndiyo maana mama anaona.

Kinachonitia hofu zaidi ni mboni. Nyuzi zinazoifinya hupita juujuu ya neva, hivyo huumia mapema neva inapokandamizwa kutoka nje. Kisukari nacho huweza kuipooza neva hiyo, ila mara nyingi mboni husalimika. Hata hivyo, jibu la uhakika litatokana na picha ya CT inayopigwa baada ya kudungwa dawa ya kuonyesha mishipa. Uvimbe huo ukipasuka, damu huvuja kuuzunguka ubongo, na wengi hupoteza maisha.

Tiba ipo. Mwaka 1937, huko Baltimore, Marekani, daktari Walter Dandy aliibana shingo ya uvimbe kama huu kwa klipu, kwa mgonjwa ambaye neva hiyohiyo ilikuwa imepooza. Siku hizi uvimbe huweza pia kujazwa nyuzi laini za platinamu kupitia mrija unaoingizwa kwenye mshipa wa paja. Neva hupona vizuri zaidi ikiwahiwa, ingawa huchukua wiki hadi miezi.

Aendelee na dawa zake za presha, asipewe aspirini kabla ya kuonwa na daktari, na mkifika mapokezi tajeni mboni kwanza.