Injini ya ndege ninunue lini?

SWALI: Mambo fundi, niko Houston huku Marekani, najenga RV-7, ndege ndogo ya kujiundia mwenyewe, gereji ya nyumbani, nimemaliza mkia na bawa moja, sasa kuna jamaa anauza injini ya Lycoming O-360 bei poa, niichukue au ningoje? Waifu ananiangalia tu.

JIBU: Ngoja kwanza kaka. Mkia na bawa moja bado mbali sana, wengi hapo ndo wanaishia, na injini ikilala tu inaliwa na kutu. Kwenye Lycoming kamshafti (shafti inayofungua valvu) iko juu ya krenki (shafti kubwa inayozungusha propela), isipowashwa muda mrefu oili karibu yote inashuka chini chuma kinabaki kikavu, halafu na huo unyevu wa Houston, we acha tu. Na usiizungushe kwa mkono ukidhani unaisaidia, unafuta hata ile oili kidogo iliyobaki. Utaihitaji kweli ukifika kwenye egzosi, mabomba na kava la mbele, kabla ya hapo hela ikae benki. Ila ukitaka mpya ya kiwandani uliza mapema foleni ya kuagiza ikoje.

Hiyo ya jamaa kama inakuwasha sana, omba logbuku (daftari la kumbukumbu za injini), uliza imelala miaka mingapi, fundi afungue silinda moja achungulie kamshafti. Akikataa achana nayo. Na waifu mwambie kabla ya kulipa, sio baada.