Sali Ukipiga Pasi, na Mifuko Uikague

Barua ilikuwa kwenye mfuko wa kaptura, imekunjwa mara nne, pembe zimeanza kulika kwa jasho. Ilikuwa Jumapili saa 4 usiku, napiga pasi sare za wiki, nikadhani ni karatasi ya pipi. Kumbe mwalimu wa darasa ananiita shuleni. Nikatazama tarehe: siku 12 zimepita. Kijana wangu wa pili, wakati huo yuko darasa la tatu, alikuwa bado hajui kusoma vizuri, na mwalimu alitaka tuzungumze kabla ya mitihani. Asubuhi nikamuuliza mbona hukunipa. Akajibu bila hasira yoyote: "Nilikuletea, Mama. Ukasema subiri nimalize kikao."

Kikao chenyewe nakikumbuka. Kilikuwa cha maandalizi ya sikukuu ya somo wa parokia, yaani mtakatifu msimamizi wake. Miaka ile nilikuwa katibu wa jumuiya ndogo ya Kikristo ya majirani, mweka hazina wa WAWATA (chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania) kigangoni, na mwanakwaya. Nilikuwa na kazi ya uhasibu mjini, watoto watatu, wa mwisho ananyonya, na mume ambaye kazi yake ni malori, kwa hiyo wiki nyingine yuko Tunduma, mpakani na Zambia. Watu walinisifu kwamba mama huyu anajituma kanisani. Na mwanangu alikuwa anatembea na barua mfukoni siku 12.

Nililia sana juma lile. Nikaenda kwa mama mmoja mtu mzima wa WAWATA, aliyekuwamo tangu chama hiki kingali kichanga (kilianza mwaka 1972). Hakunilaumu. Akaniuliza tu, "Mwanangu, tendo la tano la furaha huwa unalitafakari, au unalipitia?" Ni tendo la rozari, la Yesu kupatikana hekaluni. Nimelisali tangu nikiwa binti wa komunyo ya kwanza, lakini siku ile ndipo nilipolisoma upya katika Luka sura ya 2. Maria na Yosefu walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara. Mama Maria mwenyewe! Msafara ulikuwa wa watu wema, wanatoka kwenye sikukuu ya Pasaka, na bado mtoto hakuwamo. Walipogundua, waligeuza wakarudi Yerusalemu wakimtafuta, siku tatu.

Kwa hiyo na mimi niligeuza. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya nikamwomba anipumzishe ukatibu, na WAWATA nikakabidhi daftari la fedha, mpaka mtoto wa mwisho atimize miaka mitatu. Kwaya nikaiacha kabisa, nayo ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Mama mwenzangu, kama una wadogo na umebeba vyeo vitatu, rudisha viwili. Sema wazi, tena mapema, usianze kukimbia vikao na kuzima simu. Hakuna aliyenichukia. Kwenye makundi ya WhatsApp nilibaki na mawili, la jumuiya na la wazazi wa darasa.

Lakini kuacha vyeo hakukunipa muda wa kusali, na hapa ndipo akina mama wengi tunapokata tamaa. Mimi nilijaribu kuamka saa 9 usiku nisali saa nzima, kwa sababu nilikuwa nimesikia mahubiri kwamba mama wa sala hangoji jua. Nilidumu wiki mbili. Nilikuwa nasinzia nimepiga magoti, kazini nakosea hesabu, jioni nawafokea watoto. Sala ya usiku ni njema na wapo waliojaliwa, siwapingi. Ila mwenye mtoto anayenyonya mara tatu usiku tayari yuko kwenye mkesha. Kaa naye kifuani, sema Baba Yetu moja taratibu, ulale. Isaya 40:11 inasema Bwana atawachukua wana-kondoo kifuani mwake, "nao wanyonyeshao atawaongoza polepole." Nimeshikilia neno hilo *polepole* kama mtu ashikavyo bomba la basi.

Nilichofanya ni kuipeleka sala mahali mikono yangu ilipo. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja sehemu za kuyanena maneno ya Mungu kwa watoto: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Ukizitazama vizuri, ndiyo ratiba ya mama. Hakuna hata sehemu moja inayohitaji chumba cha peke yako.

Ya kwangu kubwa ni pasi. Kila shati nalitaja kwa jina la mwenye nalo. Nikiwa kwenye kola namwombea kichwa chake na masomo, mgongoni naombea mizigo ambayo haniambii, na nikifika kwenye mfuko naweka pasi pembeni naingiza mkono. Nimekuta gololi, vipande vya chaki, jino, kalamu ambayo si yetu. Wiki moja gololi zilizidi, nikauliza, nikajua kuna kipindi yule wangu wa pili anatoka darasani kwa kuogopa kuitwa kusoma mbele ya wenzake. Sala yangu ya wiki iliyofuata ikawa na kitu cha kutaja. Zamani nilikuwa naomba "Bwana wabariki watoto wangu," basi. Sasa naomba kwa habari kamili. Shati la baba yao nalo halirukwi, hata wiki tuliyonuniana. Ni vigumu kuendelea kumnunia mtu huku unamnyooshea kola.

Njiani ni rozari. Tunakaa Dar es Salaam upande wa Mbezi, napanda basi la mwendokasi Kimara, na asubuhi nafasi ya kukaa ni bahati. Mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umekumbatia mkoba, kwa hiyo nahesabu Salamu Maria kwa vidole vilivyoshika bomba, nikivikaza kimoja kimoja, mizunguko miwili kwa kila tendo. Nikifika Ubungo tendo moja limekwisha, Manzese la pili, na mara nyingi rozari nzima inamalizika kabla ya Kivukoni. Siku nyingine nasahau niko la ngapi kwa sababu konda wa mawazo yangu kanipeleka kwenye ada. Naanza pale nilipo.

Jioni na watoto tunasali dakika tano. Ishara ya msalaba, kila mmoja anataja jambo moja la kushukuru na mtu mmoja wa kuombewa, Baba Yetu, kulala. Sala fupi wanayoisubiri inanifaa kuliko ndefu wanayoikimbia.

Kuna jambo moja nalisema kwa uchungu, kwa sababu naliona kwenye nyumba nyingi za Kikristo na lilikuwa kwangu pia: dada wa kazi. Mama anawahi Misa amependeza, watoto wamependeza, dada amebaki na masufuria tangu saa 10 alfajiri. Naye kabatizwa. Mtume Yakobo anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana, na mshahara wa dada ni ujira. Kwetu siku hizi Jumapili dada anakwenda Misa ya kwanza, chai napika mimi, sisi tunakwenda ya pili. Mshahara wake unatoka kabla ya mchango wowote wa kanisa. Sikumbuki sadaka yetu imewahi kupungua kwa hilo, na ingepungua ningeliendeleza vilevile.

Na omba msaada. Sisi tunaojituma huwa tunadhani jumuiya ni mahali pa kutumikia tu. Maaskofu wa nchi zetu walipoamua miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe katika jumuiya ndogo ndogo, walitaka waamini wa jirani wajuane na kubebana. Basi nilinyoosha mkono Jumamosi moja nikasema: mwanangu hajui kusoma, nifanyeje? Kulikuwa na mwalimu mstaafu, bibi mwenye miwani minene, nyumba ya nne kutoka kwetu. Miaka miwili tumesali naye kila wiki na sikuwa najua kwamba alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Akasema mtoto aletwe Jumanne na Alhamisi saa 10 jioni, na yeye alipwe andazi.

Iliwachukua mwaka na zaidi. Mwaka jana jumuiya ilipokuja kusali kwetu, saa 12 asubuhi, bibi yule akamkabidhi kijana Biblia asome Injili ya Jumapili. Tulikuwa watu 14 kwenye mikeka. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akakwama kwenye Kapernaumu. Nikafungua mdomo nimsaidie. Bibi akanishika goti, nikanyamaza, chai ikaendelea kupoa, mpaka akalitamka lote.