Atachimenti ni ya kusi, rudi tena na kaskazi

Ikikaribia Mei, barua za kuomba atachimenti, yaani mazoezi ya kazi ya wanafunzi wa chuo, humiminika katika ofisi za Malindi na Watamu. Nimezisoma nyingi, na karibu zote zinafanana: mwombaji ana bidii, anapenda mazingira, yuko tayari kujifunza. Ni nadra kuona inayoeleza ataweza kazi gani akipokelewa. Nawaandikia nyinyi wanafunzi wa mazingira mlio mwaka wa kwanza na wa pili kwa sababu bado mna wakati. Katika kazi za mazingira huku pwani, anayeitwa tena baada ya atachimenti kwisha ni yule anayejua kupima kitu, akakiandika kikaeleweka, kisha akaenda kwa wenye bahari na wenye msitu wakakubali kuzungumza naye. Yote hayo unaweza kuyaanza kabla ya shahada, na mengi hayana ada.

Jueni kwanza nani anashughulikia nini. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, ziko chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Msitu wa Arabuko-Sokoke una wasimamizi wanne: KFS ya huduma za misitu, KWS, KEFRI ya utafiti wa misitu, na Makumbusho ya Kitaifa. Kila mmoja ana jukumu lake, kwa hiyo barua ya anayetaka kushughulika na miche haipelekwi kwa wanaolinda ndovu. Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambao wakazi wa kandokando ya msitu hufuga vipepeo na kuuza vifukofuko vyao hadi ng'ambo. Watamu kuna Local Ocean Conservation. Mvuvi akinasa kasa bila kukusudia huwapigia simu, kasa akapimwa, akaandikwa, akarudishwa baharini. Hapo hapo Watamu kuna A Rocha Kenya, wanaofanya utafiti wa ndege, msitu na viumbe wa baharini. Ukitaka uvuvi wenyewe, nenda BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), idara ya kaunti, au KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi. Ikiwa umekulia Malindi na sehemu hizi zote hujazikanyaga, Nairobi unafuata nini?

Sasa nifike kwenye jambo ninalolirudia kila mwaka na wachache hulitilia maanani. Atachimenti nyingi ni Mei hadi Agosti, na miezi hiyo ni kusi, msimu wa upepo mkali utokao kusini. Bahari imechafuka, vyombo vidogo vingi havitoki nje ya mwamba, na mto Sabaki ukiwa umejaa mvua za masika humwaga tope mpaka maji ya karibu na mlango wake yanageuka kahawia. Mwanafunzi anakuja, anaona samaki wachache bandarini, anaandika kwenye ripoti yake kwamba samaki wamepungua. Mzee wa BMU akisomewa hiyo atacheka tu. Takwimu zake si za uongo, ila ni za kusi peke yake. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inapoingia, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, bahari hutulia, maji huwa safi, wapiga mbizi huweza kuyaona matumbawe, na ndege wahamiaji wamejaa hori la Mida na mlango wa Sabaki.

Kwa hiyo likizo ya Desemba rudi. Rudi pale pale ulipofanyia atachimenti, upime kile kile ulichopima. Mwanafunzi mwenye takwimu za misimu miwili za mahali pamoja ana kitu ambacho hata miradi mikubwa hukikosa, maana wafadhili nao hupenda kuja miezi inayowafaa wao. Kila Januari, tena, ndege wa majini huhesabiwa nchini, na Mida na Sabaki ni miongoni mwa maeneo yanayohesabiwa. Wanaojitolea hukaribishwa. Utasimama juani, utakanyaga matope, na watu wanaowajua ndege hao mmoja mmoja watakuonyesha tofauti ya sululu na chamchanga bila kukudai senti. Nimeona waliopata kazi kwa sababu aliyekuwa na darubini pembeni yao siku hiyo alikumbuka sura zao.

Vifaa visiwatishe. Ukitaka kujua tope la Sabaki linafika wapi, unahitaji sahani ya duara yenye rangi nyeusi na nyeupe, iliyofungwa kamba yenye vipimo. Unaishusha majini mpaka isionekane tena, unaandika kina, saa, na hali ya maji kama ni bamvua au maji mafu. Wataalamu huiita diski ya Secchi, na fundi yeyote atakutengenezea. Picha za setilaiti za Landsat na Sentinel ni za bure, na programu ya kuchora ramani ya QGIS pia. Nusu saa tu kaskazini ya mji, Ngomeni, kuna kituo ambacho setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lake la baharini tarehe 12 Desemba 1970, na bado nakutana na wanafunzi wa mazingira wa hapa hapa ambao hawajawahi kufungua picha ya setilaiti ya kijiji chao. Jifunzeni QGIS na jedwali za Excel mpaka ziwe kazi ya mkono. Zinalipa kuliko cheti cha semina ya siku mbili.

Tuje kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, maana ndiko shilingi iliko kwa wengi wenu. Chini ya sheria ya mazingira ya 1999, mradi mkubwa hauanzi bila tathmini na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na wanaoiandaa lazima wawe wataalamu waliosajiliwa. Mhitimu huanza kama mtaalamu msaidizi, baada ya kupita mafunzo yanayotambuliwa, akapanda na uzoefu. Wewe mwanafunzi utaingia kwa mlango wa nyuma: kubeba hojaji, kuchota sampuli za maji, kuandika mahudhurio ya baraza la wananchi. Wengi huidharau kazi hiyo ya baraza. Someni kilichotokea Lamu. NEMA ilitoa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe mwaka 2016, mradi wa megawati zaidi ya elfu moja, wenye ripoti nene. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Mazingira, ile ya rufaa dhidi ya maamuzi ya NEMA, iliifuta leseni hiyo, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu iko wazi, na kwa maoni yangu ina mafunzo kuliko muhula mzima wa darasani. Inaonyesha kwamba karatasi za baraza, nani aliitwa, aliambiwa nini, kwa lugha gani, aliuliza nini na akajibiwa vipi, zinaweza kusimamisha mradi wa mabilioni au kuupitisha.

Hata suala la wavuvi na bandari ya Lamu ni hivyo hivyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari hiyo walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Fidia ya namna hiyo inapofika, swali la kwanza ni nani alikuwa akivua, wapi, kwa chombo gani. Anayejua kusaidia BMU kuweka daftari lake sawa, lenye jina la chombo, aina ya mtego, kilo na mahali, anafanya kazi ambayo watu wataihitaji siku ambayo haijulikani.

Ukienda Lamu kwa mikoko, ambayo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, usianze na fomu. Anza na salamu, umkalie mzee aliyekata boriti miaka yote. Yeye hupanga miti kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na anajua kipande gani kilikatwa lini na kilirudi vipi. Tepu yako ya kupimia itathibitisha tu. Usiende Ijumaa mchana. Usiahidi mradi. Na ukimaliza, rudisha matokeo kwa Kiswahili, hata ukurasa mmoja, umsomee aliyekukaribisha.

Soko la kaboni, ambako hewa ya ukaa inayozuiwa au kunyonywa na miti huuzwa, nalo limefungua nafasi. Marekebisho ya sheria ya tabianchi ya 2023 yanataka miradi ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato, na isiyo ya ardhini angalau asilimia 25. Lazima kuwe na watu wa kuhesabu miti, na watu wa kumfafanulia mkazi anasaini nini. Kaunti nazo zina kamati za tabianchi za wodi zinazopanga miradi midogo kupitia FLLoCA, mpango wa kufadhili miradi ya tabianchi inayoongozwa na wenyeji. Hudhurieni vikao vya wodi zenu. Aghalabu hakuna hata mmoja anayejua kuchora ramani, na anayeijua hupewa kalamu siku hiyo hiyo.

Kuhusu pesa nitasema wazi. Atachimenti nyingi hazilipi, na usipokuwa na nauli na chakula utateseka, kwa hiyo chagueni mahali mnapoweza kulala kwa ndugu. Kujitolea kuwe na mwisho unaojulikana: mkubaliane muda, kazi, na barua ya ushahidi, kisha ukimaliza useme umemaliza. Ukishahitimu, tumeni maombi ya mafunzo kazini ya Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo ni ya miezi 12 na yana posho. Ukifikia uzamili wa sayansi ya bahari, fuatilieni ruzuku za utafiti za WIOMSA, shirika la wanasayansi wa bahari lenye makao Zanzibar. Na atakayekuambia utume pesa kwa simu ili ahifadhi nafasi yako, mfungie namba.